Sai-fai kwenye tivii: maswali ninayoulizwa kila mara

Watu wakishajua mi ni mtu wa tamthilia za sai-fai huwa wananiuliza maswali yaleyale, kwaiyo nimeyaweka pamoja na majibu kamili. Maoni ni yangu, shabiki wa miaka mingi. Spoila (kufichua yanayotokea mbele) nimezipunguza, pale inapobidi natahadharisha kabla.

## Mambo ya msingi

Sai-fai si ni zile za vyombo vya angani na roboti?

Hizo ni sehemu tu. Sai-fai ni hadithi inayochukua kitu kimoja ambacho hakipo, au hakipo bado, alafu inakifuata mpaka mwisho ione kitamfanya nini binadamu. Severance, iliyoanza 2022, haina chombo cha anga hata kimoja, ni ofisi yenye korido nyeupe ndefu na wafanyakazi waliokubali kufanyiwa operesheni ya ubongo, ili mtu akiwa kazini asikumbuke chochote cha nyumbani na akitoka asikumbuke chochote cha kazini. Kimebadilishwa kitu kimoja tu na hadithi nzima inatoka hapo: huyu anayebaki ofisini, ambaye kwake hakuna usiku wala wikiendi, ni mtu kamili? Akitaka kuacha kazi nani anamsikiliza? Hayo ndo maswali ya sai-fai, vyombo vya angani ni usafiri.

Dark ya Ujerumani (2017 hadi 2020) nayo iko kwenye mji mdogo wenye msitu na pango, na The Twilight Zone ya Rod Serling (1959 hadi 1964) vipindi vyake vingi viko kwenye vyumba vya kawaida kabisa.

Tofauti yake na fantasia ni ipi?

Fantasia haidaiwi maelezo ya joka limetoka wapi. Sai-fai inadaiwa, hata kama maelezo yenyewe ni ya kubuni. Mpaka huu haujanyooka na mi sigombani na mtu juu yake.

Kwanini unapenda tamthilia kuliko filamu?

Muda. Ndani ya masaa mawili filamu inaweza kukuonyesha mtu akifanya uamuzi mbaya, ila haiwezi kukukalisha nae miaka mitano akiulipia, na kwangu mimi kule kuulipia ndo utamu wote ulipo.

Mfano wangu mkubwa ni Babylon 5 (1994 hadi 1998), hapa kuna spoila ya sizoni ya pili. Londo Mollari ni balozi wa dola iliyochoka, anapenda kunywa na kusimulia enzi za mababu zake na mwanzoni unamcheka tu. G'Kar ni balozi wa Wanarn, watu waliowahi kutawaliwa na dola hiyohiyo, na mwanzoni unamwona mtu wa kisasi na fujo. Taratibu, fadhila moja ndogo baada ya nyingine, Londo anapokea msaada kutoka kwa watu ambao hakupaswa hata kuitikia salamu yao, mpaka inafika siku amesimama kwenye dirisha la meli ya kivita anaangalia sayari ya Wanarn ikipondwa kwa mawe makubwa kutoka angani. Hasemi kitu. Kamera inabaki usoni kwake. Ni tukio fupi sana ila linakukaa kifuani manake umeshaishi na huyu mtu vipindi zaidi ya 40, umemcheka, umemhurumia, na kila hatua iliyomfikisha pale dirishani uliiona kwa macho yako na kila mara ulisema hii sio kubwa sana.

Mwandishi wake, J. Michael Straczynski, aliipanga hadithi hiyo tangu mwanzo kama ya miaka mitano, na kati ya vipindi 110 aliandika 92 mwenyewe. Inaonekana. Maneno ya sizoni ya kwanza yanarudi sizoni ya nne yakiwa na uzito mwingine kabisa.

## Nataka kuanza, nianzie wapi?

Nipe moja tu ya kuanzia.

Kama hujawahi kabisa nakwambia The Expanse (2015 hadi 2022), sizoni 6, vipindi 62, imekamilika na haikudai ujue kitu chochote kabla. Vipindi vitatu vinne vya mwanzo vina majina mengi na pande tatu zinazogombana, Dunia, Mirihi na watu wa Ukanda wa asteroidi, usijilazimishe kukariri, yatakaa yenyewe. Kama hutaki hadithi ndefu, basi Black Mirror, kila kipindi kinajitegemea, ila usitazame vitatu kwa usiku mmoja maana vinachosha roho.

Star Trek ziko nyingi, lazima nianze na ile ya 1966?

Sio lazima. Ile ya kwanza ilianza kurushwa Septemba 8, 1966 na naipenda sana, ila mtu mpya namwelekeza The Next Generation (1987 hadi 1994) na namwambia kabisa aanzie sizoni ya tatu, alafu akishanogewa arudi nyuma. Sizoni mbili za mwanzo waandishi walikuwa bado wanatafuta njia. Ukitoka hapo nenda Deep Space Nine (1993 hadi 1999), ambayo kwangu ndo Star Trek bora kuliko zote, sababu nimezieleza kwenye sehemu ya kumbukumbu hapo chini.

Doctor Who ina miaka zaidi ya 60, nitaimaliza lini?

Huna haja ya kuimaliza. Ilianza BBC Novemba 23, 1963, ikasimama 1989, ikarudi rasmi 2005 na Christopher Eccleston. Anza 2005. Chumba kinachosafiri kwenye muda na kwa nje kinaonekana kibanda cha polisi, mtu wa ajabu anayeitwa Daktari, msichana wa dukani anayeitwa Rose, basi, vingine utaelezwa njiani.

Kuhusu Daktari kubadilika sura: William Hartnell, Daktari wa kwanza, afya yake ilikuwa inadorora, na 1966 badala ya kuifuta tamthilia watengenezaji wakaamua kwamba kiumbe huyu mwili ukichoka unageuka kuwa mwili mwingine, akaingia Patrick Troughton. Suluhisho la tatizo la kazini likawa moyo wa hadithi yenyewe, kila Daktari anakufa kidogo na kuna kitu anakiaga. Mi nalia kila mara.

Nivumilie mpaka lini kabla ya kukata tamaa?

Inategemea kinachokusumbua. Kama ni picha za zamani na vinyago vya plastiki vumilia, macho yanazoea haraka. Kama ni hadithi kutembea polepole, nipe vipindi sita. Kama watu wenyewe huwapendi hata mmoja, acha bila kujilaumu, manake utakaa nao miaka.

## Kumbukumbu, hoja ninayorudia kila siku

Unasemaga "tamthilia yenye kumbukumbu", unamaanisha nini?

Namaanisha tamthilia ambayo jambo likitokea limetokea. Mtu akifiwa wiki hii wiki ijayo bado kafiwa, chombo kikitobolewa kinabaki na kiraka, uongo ulioambiwa sizoni ya kwanza unakuja kudai chake sizoni ya tatu. Ndo kipimo changu cha kwanza, kabla ya picha kali na kabla hata ya sayansi yenyewe, kwasababu sai-fai inaahidi kufuata matokeo na isiyokumbuka imevunja ahadi.

Chukua Battlestar Galactica, ile iliyofufuliwa na Ronald D. Moore (2003 kama hadithi fupi, alafu 2004 hadi 2009). Binadamu karibu wote wameuawa, waliobaki ni kama elfu 50 ndani ya kundi la meli zinazokimbia. Kipindi cha kwanza kinaitwa 33 manake adui anatokea kila baada ya dakika 33, kwaiyo wamekaa siku tano bila kulala, ndevu zimeota, macho mekundu, mtu anaulizwa swali jepesi anachukua muda kulielewa. Rais ana ubao mweupe ofisini kwake ambao umeandikwa idadi ya watu walio hai, na idadi hiyo inashuka, inashuka, anafuta kwa mkono na kuandika upya. Mwishoni anaambiwa kazaliwa mtoto kwenye meli moja. Anaenda ubaoni anaongeza mmoja.

Idadi hiyo ikaendelea kuonyeshwa mwanzoni mwa vipindi na sisi watazamaji tukawa tunaiangalia kabla ya kitu kingine chochote. Namba tu, ila inakumbuka kila mtu.

Kwanini nyingi za zamani zilikuwa hazikumbuki?

Biashara. Vituo vya tivii Marekani vilikuwa vinanunua tamthilia zilizokwisha na kuzirudia mchana au jioni, mara nyingi bila kujali mpangilio, na mtazamaji akikosa wiki moja hakuwa na pa kuipata. Kwaiyo waandishi waliambiwa kila kipindi kianze na kiishie mahali palepale. Baadae DVD, alafu huduma za kutazama mtandaoni, zikawaruhusu waandishi kuamini kwamba umeona vyote.

Kwaiyo zenye vipindi vinavyojitegemea ni mbaya?

Hapana, na hapa watu hunielewa vibaya. Vipindi bora kabisa vya The Next Generation vinajitegemea. Kwenye The Measure of a Man (1989) kuna kesi ya kuamua kama Data, mtu wa mashine, ni mali ya jeshi au ana haki ya kukataa kufunguliwafunguliwa, na rafiki yake mwenyewe analazimishwa kuwa upande wa mashtaka. Wameketi chumbani wanaongea tu, na nimeona vita vya angani vingi ambavyo havijanibana hivyo.

Alafu kuna The Inner Light (1992). Picard, kapteni wa chombo, anazimia dakika 25 hivi, na ndani ya dakika hizo anaishi maisha mazima kwenye sayari iliyokufa zamani, anaoa, anazaa, anazeeka, anajifunza kupiga filimbi. Akiamka kilichobaki ni filimbi ile. Kipindi kinajitegemea kweli, ila mwaka uliofuata, kwenye kipindi kingine, anaitoa filimbi na kuipiga, na hapo ndo nilijua hata kwenye tamthilia iliyokatazwa kukumbuka kuna waandishi walikuwa wanakumbuka kwa kuibia.

Mbona Voyager unaionea?

Siionei, nina huzuni nayo. Voyager (1995 hadi 2001), Star Trek nyingine, ina wazo zuri kupita kiasi: chombo kimoja kimetupwa mbali kiasi kwamba safari ya kurudi ni miaka 75, hakuna kituo cha kutengenezea, na baadhi ya wahudumu walikuwa waasi waliokuwa wanasakwa. Hayo yote yalitaka kumbukumbu, ila wiki inayofuata chombo kinang'aa kama kipya na waasi wamezoea. Year of Hell (1997) ndo inaniuma zaidi, vipindi viwili chombo kinamalizika kabisa, Kapteni Janeway ana makovu, na mwishoni muda unarudishwa nyuma na hakuna anayekumbuka. Kate Mulgrew alikuwa hodari sana kwenye nafasi ile, alistahili kuruhusiwa kubeba aliyoyapitia.

Ronald D. Moore alipita Voyager kwa muda mfupi akaondoka. Itazame Galactica baada ya Voyager na utaona karibu wazo lilelile, ila safari hii inatembea na majeraha yake.

Na Deep Space Nine?

Wao wako kwenye kituo cha angani, hawasafiri, ndo siri. Kituo hakiondoki kwaiyo shida haziachwi nyuma. In the Pale Moonlight (1998) Sisko, kapteni wa kituo, anakaa mbele ya kamera anasimulia jinsi alivyodanganya, akahonga, akashiriki kwenye kifo, ili kuingiza taifa jingine vitani upande wake. Anajiuliza kama anaweza kuishi na hilo, anajibu ndio, alafu anaifuta rekodi. Avery Brooks anavyosema yale maneno mara ya pili, sauti ikishuka, unajua kwamba anajilazimisha.

## Sayansi yenyewe

Mbona milipuko inasikika wakati angani hakuna hewa?

Kwasababu ukimya wa dakika nzima unamtisha mtengenezaji. Firefly ilithubutu kuweka ukimya nje ya chombo na ikapendeza.

Ipi ina sayansi inayoaminika zaidi?

The Expanse, na sio kwa ajili ya hesabu tu bali kwasababu sayansi inaendesha hadithi. Vyombo vyao vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, injini chini, kwaiyo injini ikisukuma watu wanakandamizwa kwenye sakafu na hiyo ndo graviti yao. Nusu ya safari chombo kinageuka, kinaelekeza injini mbele na kuanza kupunguza mwendo. Injini ikizimwa kila kitu kinaelea. Ujumbe kutoka sayari moja kwenda nyingine unachelewa, kwaiyo watu wanatumiana rekodi badala ya kuongea, na mtu anaweza kuwa ameshakufa wakati wewe unasikiliza sauti yake.

Kuna tukio mwanzoni kabisa ambalo lilinifanya nikae vizuri. Mtu wa Ukanda, aliyekulia kwenye graviti ndogo, kaletwa Duniani kuhojiwa, na hawampigi. Wamemtundika tu asimame na Dunia yenyewe inamtesa kwa uzito wake, mifupa haiwezi. Chrisjen Avasarala, mwanamke wa sari nzuri ambaye sekunde chache nyuma alikuwa anacheza na mjukuu wake, ndo anayemhoji. Fizikia, siasa na ukatili vimekaa kwenye picha moja na hakuna aliyekuhubiria.

Kile kifaa cha Star Trek cha kuhamisha watu kwa mwanga kina maana yoyote kisayansi?

Kilianza kwa bajeti. Kutua na chombo kizima kwenye sayari mpya kila wiki kungekula hela nyingi, kwaiyo wakawahamisha watu kwa mwanga. Kuhusu kama anayetokea upande wa pili ni wewe au nakala yako, tamthilia zenyewe zimelicheza swali hilo mara kadhaa na mi bado sijatulia.

## Zilizokatizwa

Mashabiki wanaweza kweli kuokoa tamthilia?

Imetokea. Star Trek ilikuwa inaelekea kufa baada ya sizoni ya pili, Bjo Trimble na mumewe John wakaongoza kampeni ya barua, na 1968 kituo cha tivii cha NBC wakatangaza hewani kwamba itaendelea. Waliiweka Ijumaa usiku saa mbaya na ikafa mwaka uliofuata, ila ile sizoni ya tatu ndo iliyofikisha vipindi 79, idadi ya kutosha kuuzwa kwa marudio, na kwenye marudio ndo ilipopata mamilioni ya watu. Bila barua zile sidhani kama kungekuwa na nyingine zote.

2018 kituo cha Syfy waliiacha The Expanse baada ya sizoni tatu, mashabiki wakachangishana mpaka wakarusha ndege yenye bango juu ya ofisi za Amazon Studios, na Amazon wakaichukua kwa sizoni tatu zaidi.

Firefly inafaa kutazamwa wakati haina mwisho?

Inafaa sana. Vilitengenezwa vipindi 14, mwaka 2002 kituo cha Fox wakarusha 11, na kile cha kwanza kinachowatambulisha watu wote walikirusha mwisho Desemba. Fuata mpangilio wa waandishi, anza na kipindi kiitwacho Serenity, alafu malizia na filamu ya jina hilohilo ya 2005. Mwisho upo, umebanwa ila upo.

## Maswali ya pembeni

Watu weusi wako wapi kwenye hizi hadithi za kesho?

Wapo tangu mwanzo, wachache. Nichelle Nichols alikuwa Luteni Uhura kwenye Star Trek ya 1966, na alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha ila Martin Luther King akamsihi abaki kwasababu ya maana ya yeye kuonekana pale. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani mwaka 1992, alikuwa mtoto aliyekuwa anamtazama Uhura, na 1993 akaja kuigiza kidogo kwenye The Next Generation. Sisko nimeshamtaja, ila ongeza Far Beyond the Stars (1998), ambapo anajikuta mwandishi mweusi wa miaka ya 1950 anayeandika hadithi ya kituo cha angani chenye kapteni mweusi na hakuna anayetaka kuichapisha. Baadae ni Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda, kuwa Daktari, na Kizazi Moto (2023), filamu fupi 10 za waandaaji wa Afrika. Bado haitoshi, nataka tamthilia ndefu, sizoni tano, yenye kumbukumbu.

Mwisho mbaya unaharibu kilichotangulia?

Kwangu hapana. Mwisho wa Galactica uligawa mashabiki na mi mwenyewe kuna majibu yake siyakubali, ila ubao wa rais bado uko palepale. Kinachoharibu ni tamthilia ikionyesha kwamba haikuwahi kujali maswali yake.

Ni kweli kuna vipindi vya Doctor Who havipo tena?

Ni kweli na inauma. BBC walikuwa wanafuta kanda ili kuzitumia upya na kuokoa nafasi, kwaiyo vipindi vingi vya miaka ya 1960 picha zake hazipo. Sauti zake zote zipo, manake kulikuwa na watazamaji waliokuwa wanarekodi kutoka kwenye tivii zao majumbani. Kipindi cha nne cha The Tenth Planet (1966), ambacho Hartnell anageuka kuwa Troughton, ni kimoja ya vilivyopotea. Zile sekunde za kugeuka zimebaki kwasababu zilikuwa zimetumika kwenye programu nyingine ya watoto, Blue Peter. Ukitaka kuiona tazama vipindi vitatu vya kwanza ambavyo picha zake zipo, alafu cha nne chukua toleo la katuni lililowekwa juu ya sauti halisi, usiruke moja kwa moja kwenye zile sekunde.